Watoto Waliochechemea Majoreni

Wallahi, jamaa zangu, haya ninayowasimulia ni kweli tupu, sikuyatia chumvi hata punje. Asiyesadiki aende Majoreni akaulize.

Asubuhi hiyo palikuwa shwari. Bi Mwanaima alikuwa kwenye kigoda mbele ya banda la zamani la kukaushia nazi, anakoroga uji, na watoto wadogo wa mtaa wako mkekani wakiimba hesabu yao, ambamo saba hutangulia sita. Ungemwona ungesema huyu ni mtu aliyetulia. Kumbe alikuwa amechoka, tena uchovu ule wa kuamka nao.

Alikuwa amestaafu kazi ya kufua mashuka kwenye hoteli moja ya Galu, akarudi kwao na goti bovu la kushoto. Akaona watoto wanashinda wakizurura, mama zao wako pwani wakipara samaki, baba zao wako kwenye pikipiki. Akawaita, akawafunza bure. Na hiyo bure ndiyo iliyomponza, kwa maana watu hawakuisadiki. Ikaenea kwamba ana mfadhili wake Diani, na mwenye mfadhili hasaidiwi. Basi maji akateka mwenyewe, kuni akaokota mwenyewe, banda akafagia mwenyewe. Mzazi alimtoa mtoto mlangoni, akamwambia haya, fuata wenzako, akageuka. Hakuna aliyefika hata siku moja kutazama mwanawe anakaa wapi na nani. Hebu nanyi mnaosoma jiulizeni kimoyomoyo: mmefika?

Mvua ya usiku ilikuwa imevuja juu ya mikeka, na kuni zilitoa moshi tu. Bi Mwanaima akakata shauri kwamba wiki ikiisha atafunga banda, akalale kwake. Kilichomuuma zaidi ni Twaiba, binti wa Swabir wa pikipiki. Tangu aje, mtoto huyo hakuwahi kutamka neno. Hukaa, hutazama, hunywa uji, hurudi kwao. Bi Mwanaima alijiona ameshindwa na goti, ameshindwa na paa, na sasa ameshindwa na mtoto.

Mchana wake kukazuka kizaazaa. Mama mmoja alimwona mwanawe anachechemea. Akamtazama unyayo, hakuna mwiba. Wa jirani naye anachechemea. Kufika alasiri, watoto wa mtaa mzima walikuwa wanaburuta mguu wa kushoto, na mbuzi wa jirani Zainabu nao wakaanza. Wako waliosema ni maradhi, wako waliosema ni kijicho. Swabir akawapakia watoto kwenye pikipiki hadi zahanati, wazazi wengine wakafuata kwa miguu, roho mkononi.

Nesi, Judy, aliwabonyeza magoti mmoja mmoja, akawarukisha, akacheka.

"Hawa ni wazima. Kuna mtu wanamwiga. Nyumbani nani anachechemea?"

Wakatazamana. Hakuna.

"Basi mwalimu wao je, anatembeaje?"

Hapo watu wazima, wenye ndevu na wenye buibui, wakasukumiana jibu. Hapakuwa na hata mmoja aliyejua.

Wakaongozana hadi bandani, watoto mbele. Bi Mwanaima alikuwa ndani anakunja mikeka. Aliposikia sauti alichungulia kwenye upenyo wa makuti, na alichokiona kikamkalisha chini. Watoto wameketi mchangani, na mbele yao ni Twaiba, kijiti mkononi, leso ya mamake begani, anachechemea huku na huku.

"Kaeni vizuri, wanangu," alisema Twaiba. "Mwenye njaa anyooshe kidole. Mwenye usingizi alale, hapigwi mtu hapa."

Yalikuwa maneno ya Bi Mwanaima yale yale, na sauti yake ile ile ya kuchoka. Swabir, aliyezoea kunong'onezewa na mwanawe mawili matatu tu, alisimama kinywa wazi. Bi Mwanaima akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akatoka.

"Shikamoo, mwalimu," Swabir akasema. "Hatukujua kuwa una goti bovu."

"Marahaba. Mngejulia wapi?"

Swabir akatazama chini, kisha akatazama paa. "Na huyo mfadhili wako, atalitengeneza lini?"

"Mfadhili gani, mwanangu? Malipo yangu ni huyo mwenye kijiti. Nilikuwa nafunga banda nikidhani sijalipwa."

Jumamosi ikafanywa mweria, ile kazi ya watu wote pamoja: makuti yakashonwa, kuni zikaletwa, zamu za maji zikapangwa. Jumatatu Bi Mwanaima alirudi, bado amechoka, bado anachechemea, na nyuma yake mstari mzima.

FUNZO

Jamaa zangu, anayekufunzia mwanao bure asiachwe peke yake. Mtoto hukaa akitazama, na anachokitazama ndicho atakachokuwa. Nenda ukaone anamtazama nani. Na wewe unayejitolea, usidhani kazi yako imepotea kwa kuwa hujaisikia. Pengine inachezwa uani kwa mtu.

Bi Mwanaima ni shemeji yangu. Nilipomsomea habari hii alisikiliza hadi kwenye mbuzi, akanikatiza.

"Shemeji, Zainabu anafuga mbuzi?"

Nikakumbuka kwamba walikuwa bata.

"Bata huchechemea tangu kuumbwa," akasema, akaniashiria mitungi. Ndiyo adhabu ya chumvi yangu: mtungi mmoja wa maji kwa uongo wa mbuzi, mmoja kwa uongo wa bata. Huu wa pili ndio ninaoujaza sasa, na Twaiba amesimama kisimani na kijiti chake, anaangalia nisije nikaupeleka nusu.