Mluzi Ndani ya Tundu

Kila alasiri Shamso alipotoka shuleni, alivua viatu mlangoni, akanywa kikombe cha maji, kisha akachukua ufagio akaingia uani. Kufagia kinyesi cha mbuzi ilikuwa kazi yake tangu kabla ya vita, na vita havikumpunguzia chochote. Baada ya hapo aliteka maji, akawasha moto, akawakamua mbuzi watatu waliobaki. Yote hayo aliyafanya huku akilitazama jua. Mwaka huo wa 1966, mjini Garissa, kila mtu alitembea akilitazama jua, kwa maana likizama kafyu imeanza, na askari wa doria hawakuwa watu wa kuuliza mara mbili.

Nyumbani walikuwa watatu: Shamso mwenye miaka kumi na miwili, baba yake Ogle, muuza nyama sokoni, na bibi yake Osob, aliyemwita Ayeyo. Mama alifariki zamani. Wa nne alikuwa Alio, kaka yake. Miezi minane iliyopita Alio aliwapeleka mbuzi malishoni upande wa Ijara. Siku ya tatu risasi zikasikika. Siku ya tano mbuzi watatu wakarudi wenyewe, bila mchungaji. Alio hakuonekana tena, wala hapakupatikana mtu wa kusema amekiona hata kiatu chake.

Tangu siku hiyo Ayeyo alikaa kwenye jamvi lake, uso ukutani. Chakula alikionja tu. Ogle akazikusanya nguo za Alio zote akazifungia sandukuni, akamwambia Shamso, "Moyo wa bibi yako hauna nguvu tena. Kitu chochote cha kumkumbusha Alio, sitaki kukiona hapa. Umenisikia?"

"Nimesikia, Aabo."

Hivyo ndivyo jina la Alio lilivyokoma kutajwa. Nyumba ikawa kimya, lakini kimya kile hakikuwa cha amani. Kila mtu alikuwa akimsikiliza mtu ambaye hayupo.

Kisha akaja kasuku. Abti Aden, kaka wa marehemu mama yake, alikuwa baharia ujanani. Alipoacha meli alirudi na kasuku mdogo wa kijani, kifua cha kijivu, aliyemnunua katika bandari ya mbali kupita mahali popote ambapo Shamso aliwahi kupasikia. Akamwita Nahodha. Abti Aden alikuwa na hoteli ndogo ya chai karibu na soko, lakini sasa biashara ilikuwa imekufa, naye alikuwa akihamia Nairobi.

"Lori halitanichukua mimi na ndege," alimwambia Shamso. "Mtunze wewe. Lakini kwanza mtengenezee nyumba. Tundu lake lilikanyagwa siku askari walipofanya msako hotelini. Zimebaki nyaya tu."

"Nyumba ya namna gani, Abti?"

"Sikiliza vizuri, maana sitarudi kukueleza. Iwe pana, aweze kukunjua mabawa yote mawili. Nyaya ziwe ndani, la sivyo atatafuna miti yote kwa siku mbili. Usimweke karibu na jiko, moshi utamuua. Chumvi usimpe, chai usimpe. Mpe mtama, papai na mboga za majani, na maji safi asubuhi na jioni. Halafu mpe vijiti. Ndege wa aina hii hupenda kujijengea kwa vijiti. Jua likizama mfunike kwa nguo. Na siku tatu za kwanza usimguse hata kwa kidole! Ni mgeni. Wewe ungependa kushikwashikwa na watu usiowajua?"

Shamso alirudi nyumbani mbio, akaanza kazi. Loo, ilikuwa kazi ya aibu! Alifunga vijiti vya mti wa mswaki kwa kamba ya mkonge, lakini kila aliposimamisha upande mmoja, upande wa pili ulilala. Ogle alijaribu kumsaidia, akapigilia misumari mitatu na kujigonga kidole, akaenda zake akinung'unika.

Sauti ikatoka kwenye jamvi. "Nani amewaambia nyumba inajengwa na wanaume?"

Shamso aligeuka. Ayeyo alikuwa amekaa wima, anawatazama.

"Huko malishoni nyumba ni ya mwanamke," bibi akasema. "Ni yeye anayeikunja miti, anayeifunga, anayeibomoa siku ya kuhama na kuipakia juu ya ngamia. Nimejenga nyumba tangu nikiwa mdogo kuliko wewe. Fungua huo uchafu. Niletee mizizi ya mgunga, ile mirefu, uiloweke kwanza."

Kwa siku nne bibi na mjukuu walijenga. Ayeyo alikunja mizizi ile mibichi ikawa matao, akaifunga vifundo ambavyo Shamso hakuwahi kuviona. Ndani walizungusha nyaya za Abti Aden baada ya kuzisugua kutu kwa mchanga. Juu Ayeyo alisuka paa la majani ya mkoma. Lilikuwa tundu lakini lilifanana kabisa na nyumba ya wafugaji, na mlango wake ulielekea upande alioutaka Ayeyo, si mwingine. Siku ya pili aliomba chai. Siku ya tatu alimcheka Shamso kwa kufunga fundo la kijinga. Siku ya nne alikula bakuli zima la wali. Ogle alisimama mlangoni akamtazama mama yake akila, akafuta macho kwa kiganja.

Nahodha aliletwa, akaingia nyumbani kwake kwa madaha, akachukua kijiti kimoja kwa mdomo akakichomeka ukutani, kana kwamba anasahihisha kazi ya Ayeyo. Wakamtundika kwenye baraza ya nyuma, mbali na moshi, mahali palipotazama ua wa miiba na pori. Siku ya kwanza na ya pili hakutoa sauti yoyote.

Siku ya tatu, saa ya Magharibi, Shamso alikwishamfunika kwa kanga. Jikoni Ayeyo alikuwa akimimina maziwa kibuyuni, na Ogle, kama kila jioni, alikuwa bado njiani kutoka sokoni. Hapo ndipo mluzi ulipolia. Sauti mbili fupi, moja ndefu, na ile ndefu ilikatika mwishoni.

Damu ilimsisimka Shamso mwili mzima. Mluzi ule ulikuwa wa Alio. Hakuna mtu mwingine aliyeukata mwisho namna ile, kwa sababu ya jino lake lililovunjika. Alisimama pale barazani, macho kwenye pori lililoanza kuwa jeusi, mpaka aliposikia kitu kikijikuna chini ya kanga. Akainua pindo. Nahodha alimtazama kwa jicho moja, akapiga tena, taratibu.

Shamso akaelewa. Kila siku, asubuhi na jioni, Alio alikuwa akipeleka maziwa hotelini kwa Abti Aden. Alimimina maziwa, na alimimina huku akipiga mluzi. Ndege alikuwa ameshika vyote viwili pamoja: akisikia maziwa yakimiminwa, anapiga mluzi.

"Shamso!" Ayeyo alitokea, kibuyu mkononi, uso umempauka. "Umesikia?"

Shamso aliishusha kanga haraka. Akiusema ukweli, Baba atamwondoa Nahodha kesho asubuhi. Tundu litatupwa, na Ayeyo atarudi kwenye jamvi, uso ukutani. Tena, kusema kweli, naye alitaka kuusikia mluzi ule kesho.

"Sijasikia kitu, Ayeyo," akasema.

Bibi akamsogelea. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo, wallahi."

Masikini, hata kiapo alikula! Usiku huo hakupata usingizi vizuri.

Jioni ya pili mluzi ulilia tena, na Shamso akakana tena. Jioni ya tatu Ayeyo hakuuliza. Aliacha bakuli la maziwa nje karibu na ua wa miiba. Asubuhi bakuli lilikuwa tupu. Labda paka, labda fisi, lakini Ayeyo alilikagua, akatabasamu tabasamu lililomwogopesha Shamso kuliko mluzi wenyewe. Alianza kuzungumza peke yake. Chakula kile alichoanza kula, sasa alikigawa nusu na kuifunika. "Ya nani hiyo, Ayeyo?" "Ya mwenyewe," alijibu.

Shamso alijua. Alijua kabisa, na kila siku ilivyopita ndivyo ukweli ulivyozidi kuwa mgumu kuutoa. Atasema nini? Kwamba amemwacha bibi yake ajidhanie mwendawazimu kwa wiki nzima kwa sababu ya ndege?

Siku ya nane tangu mluzi wa kwanza, Ogle aliporudi na kufunga mlango wa mbele, Shamso aliingia jikoni. Moto ulikuwa unawaka. Kibuyu hakikuwepo. Wala Ayeyo. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na kwenye ua wa miiba palikuwa na mwanya mpya.

"Aabo!" alipiga kelele. "Ayeyo ametoka! Amemfuata Alio!"

"Unasema nini wewe?"

"Ni ndege, Aabo! Ni Nahodha anayepiga mluzi wa Alio! Nilijua, nikamdanganya!"

Ogle hakusubiri maelezo. Alitoka mbio, na Shamso nyuma yake. Mwanga wa mwisho ulikuwa bado unashikilia anga. Hatua kama hamsini kutoka ua, kwenye ukingo wa laga, mto wa msimu uliokauka, Ayeyo alikuwa amesimama akiita, "Alio! Alio, njoo mwanangu, nimekuletea maziwa!"

"Hoyo, rudi! Kafyu!" Ogle alimshika mama yake mkono.

"Niache! Yuko hapa karibu. Ananiita kila jioni na nyinyi mmeziba masikio!" Bibi yule mdogo wa umbo alishika shina la mgunga kwa mkono mmoja, na Ogle, mtu wa kubeba mbuzi mabegani, akashindwa kumbandua bila kumvunja.

Kutoka upande wa barabara ya mto ngurumo ya Landrova ikasikika. Bado mbali, lakini inakuja.

Shamso alirudi uani. Alilinyakua tundu kutoka pale liliponing'inia, akalikumbatia, akakimbia nalo huku Nahodha akipigapiga mabawa ndani. Aliliweka chini mbele ya bibi yake, akavuta kanga.

"Mimina maziwa, Ayeyo."

"Nini?"

"Mimina! Nakuomba!"

Bibi akainamisha kibuyu. Maziwa yakachuruzika kutoka kibuyuni yakaanguka mchangani. Nahodha akainua kichwa, akafungua mdomo. Mbili fupi, moja ndefu, iliyokatika.

Ayeyo aliachia shina. Alimtazama ndege, akamtazama Shamso. Ogle alimwinua mama yake kama mtoto, Shamso akabeba tundu, wakakimbia. Walipoufunga mlango, taa za Landrova zilikuwa zinapita juu ya ua wa miiba, taratibu, zikaenda zao.

Jikoni, Shamso alipiga magoti. "Nisamehe, Ayeyo. Nilisikia tangu siku ya kwanza. Niliogopa utarudi jamvini."

Ayeyo aliketi mpaka pumzi ilipomrudia. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Nimekaa siku nane nikijiuliza kama nimepata wazimu," akasema. "Uchungu naujua, mwanangu. Nimezika mume na watoto wawili. Lakini kwenye uchungu huu mliniacha peke yangu. Wewe kwa uongo wako, na wewe, Ogle, kwa kunyamaza kwako. Mlidhani mnanihurumia. Mtu anayehurumiwa kwa uongo hana wa kulia naye, ndiyo maana huenda kutafuta wenzake gizani. Ukinipenda, niambie kweli hata kama inauma. Nikianguka, utaniinua. Sawa?"

"Sawa, Ayeyo."

Ogle aliinamisha kichwa. "Ndege nitamwondoa..."

"Ndege haendi popote. Nyumba yake nimeijenga mimi." Kisha akamvuta Shamso karibu, akamshika kidevu, akamtazama machoni. "Sasa nakuuliza jambo lingine, na unijibu. Unafikiri Alio atarudi?"

Shamso alimtazama baba yake. Ogle hakumsaidia. Machozi yakaanza kumtoka kabla ya maneno.

"Sidhani, Ayeyo," akasema.

Bibi alifumba macho. Akakubali kwa kichwa, pole pole, mara kadhaa.

"Hata mimi sidhani," akasema. "Njooni hapa nyote wawili. Tumlilie."