Alama za Yaya Francine

Kila Jumamosi asubuhi Mama aliketi kwenye kochi, nami nikaketi chini mbele yake, anisuke. Vidole vyake vikiwa kichwani mwangu, mimi nilimsomea barua za wiki: za halmashauri ya jiji, za shule, za kampuni ya gesi. Tuliishi Shard End, ukingoni mwa Birmingham, na huo ulikuwa mwaka wetu wa sita tangu tulipotoka kambi ya wakimbizi Uganda. Mama, ambaye watu walimwita Mama Jeanne, alijua Kiswahili na Kifaransa vizuri, lakini Kiingereza cha barua kilimshinda. Msomaji wa nyumba nilikuwa mimi, Précieuse, msichana wa miaka kumi na miwili.

Kusema kweli, nilivimba kichwa. Kina mama wa kanisani waliniita Madame Barua. Baada ya ibada walinipangia foleni na bahasha zao, nami nikasoma kwa sauti ya mtu mzima. Neno nisilolijua nililiruka, au nikachomeka langu lililofanana nalo kidogo. Hakuna aliyenigundua, na mtu asipogunduliwa huanza kudhani anajua.

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa palikuwa na karatasi nyingine mezani. Dada yangu mkubwa, Francine, ambaye mimi namwita yaya kama ilivyo desturi ya kwetu Bukavu, Kongo, alikuwa amefanya mtihani wa kuombea nafasi ya kusomea udaktari wa meno. Aliiacha karatasi ya alama pale akakimbilia kazini, dukani anakofanya kazi za Jumamosi. Tangu darasa la tano yaya hakutaka kazi nyingine ila hiyo.

Mama alikuwa amempa sharti. Binamu yetu Arsène alifanya mtihani huohuo miaka miwili nyuma, akapata elfu mbili mia sita na arobaini, akachukuliwa. Mama aliitunza nakala ya karatasi yake ndani ya Biblia. Alimwambia yaya kwamba akizifikia alama za Arsène, aombe udaktari wa meno. Asipozifikia, aombe kozi nyingine. Hakuwa mkatili. Alikuwa amemwona mtoto wa jirani akikaa nyumbani miaka miwili akingoja nafasi ambayo haikuja, naye aliogopa. Na Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka maombi shuleni, ili shule iyatume vyuo vikuu.

"Soma, mwanangu. Amepata ngapi?" Mama aliuliza.

Nilikimbilia tarakimu kubwa ya chini. Elfu mbili na mia moja. Mama aliacha kusuka. Akatoa karatasi ya Arsène, akaziweka sambamba, akalinganisha jumla zake.

Yaya aliporudi saa tisa alimkuta Mama amejiandaa kumpa pole. Yaya alishangaa, akaeleza kwamba mwaka huu mtihani umebadilishwa: sehemu moja imeondolewa, kwa hiyo alama zinahesabiwa kwa namna nyingine. Mama akatikisa kichwa kwa huzuni. Alimwona yaya kama mtu aliyekwisha kufungwa mabao, ndipo analalamika kwamba goli limehamishwa. Kisha akanigeukia.

"Précieuse, wewe ndiye uliyesoma. Maneno hayo yamo kwenye karatasi?"

Sikuwa nimesoma kitu zaidi ya ile tarakimu. Palikuwa na mistari midogo chini, nami niliiruka kama kawaida yangu. Ningesema ukweli, jina la Madame Barua lingeishia hapohapo. Nikasema, "Hapana, Mama. Hayamo."

Yaya alinitazama tu. Hata angemwonyesha Mama ile mistari, Mama asingeweza kuisoma. Alipanda ngazi polepole, akafunga mlango, na baadaye kidogo tukamsikia akilia. Moyo uliniuma sana. Nikaichukua ile karatasi, nikajifungia bafuni, nikasoma mistari midogo neno kwa neno, nikitafuta magumu kwenye simu.

Iliandikwa kwamba kuanzia mwaka huu sehemu zinazohesabiwa katika jumla ni tatu, si nne. Kila sehemu haizidi mia tisa, na jumla haizidi elfu mbili na mia saba, wala isilinganishwe na jumla za miaka iliyopita. Nikagawanya. Arsène, katika sehemu nne, alipata wastani wa mia sita na sitini kwa kila moja. Yaya, katika tatu, alipata mia saba.

Nilimwendea Mama jikoni, nikamwambia yote: kwamba maneno yamo, kwamba sikuyasoma, kwamba nilidanganya, na kwamba hata barua za kina mama nimekuwa nikizirukaruka.

Mama hakunipiga wala hakupaza sauti. Alizima jiko, akanishika mkono, tukapanda pamoja. Aligonga mlango wa yaya, akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Francine, nisamehe. Ulisema kweli, nami sikukuamini. Jumatatu peleka maombi yako. Kama watakuchukua au hawatakuchukua, hilo ni lao. Mimi sitakuzuia tena."

Yaya alimkumbatia. Mimi nilibaki mlangoni nikilia, hadi yaya akaniita nami nikamwomba msamaha. Alisema amenisamehe, ila nisirudie.

Ndipo Mama alipotuketisha wote wawili kitandani.

"Siku tuliyohojiwa Kampala ili tuje huku," alisema, "mkalimani alikuwa kijana mdogo. Nilipoeleza jinsi baba yenu alivyouawa, nilitumia neno asilolijua. Alisimamisha kila kitu. Akamwambia ofisa aliyekuwa akituhoji, mbele ya watu wote, 'Hili silijui, nipeni muda nimuulize vizuri.' Waliokuwepo walimcheka. Angeona haya, angechomeka neno lake, na faili letu lingeandikwa uongo. Précieuse, anayewasomea wengine hubeba maisha yao mdomoni. Usipojua, sema hujui. Sisi tuko hapa kwa sababu kijana yule alikubali kuchekwa."