Kikombe cha Babu na Samaki wa Kanisa

Kila Novemba kanisa la Ragna, huko Minnesota, huandaa chakula cha samaki. Samaki wakavu, wagumu kama kuni, hulowekwa majini, kisha kwenye maji makali ya kostiki, kisha majini tena mpaka walainike. Mwaka huu Ragna alikabidhiwa jiko kwa mara ya kwanza. Zilibaki siku kumi na mbili.

Mumewe, Arvid, alisema ataloweka samaki yeye mwenyewe, kama babu yake. Asubuhi ile Ragna alikwenda ghalani kutazama kazi.

Beseni la alumini lilikuwa likitoa mapovu bila moto. Samaki walikuwa wamegeuka uji.

"Arvid! Umefanya nini?"

"Kipimo cha babu. Vikombe vinne."

"Vinne vya nini?"

Arvid, kiko kikifuka mdomoni, alionyesha pakiti ya punje nyeupe za kostiki soda.

"Na babu aliweka nini?"

"Jivu la kuni. Sasa jivu nitalitoa wapi? Si tunapasha nyumba kwa gesi?"

Ragna alifumba macho. "Ee Bwana, nimekuomba subira miaka thelathini. Basi, iwe leo."

Arvid alikunja mkono wa shati ili aokote samaki.

"Usiguse! Tokeni nje! Na hicho kiko kizime!"

Aliyepiga kelele mlangoni alikuwa Inga, jirani yao. Yeye husafisha matangi ya kiwanda cha maziwa kwa kostiki soda. Alifungua milango yote ya ghala.

"Shemeji, kostiki inakula alumini na kutoa hewa inayowaka. Ungeturusha na paa."

"Babu hakurushwa."

"Babu alitumia pipa la mbao!" Ragna alifoka.

"Lilivuja," Arvid alisema.

Inga alicheka, kisha akaeleza. "Kuna metali mbili laini, sodiamu na potasiamu. Zikigusa maji, moto. Ndiyo maana huzikuti peke yake. Siku zote zimeungana na vitu vingine. Sodiamu ikiungana na klorini, ni chumvi ya mezani. Ikiungana na oksijeni na hidrojeni, ni hii kostiki, inachoma ngozi na macho. Jivu lina potasiamu iliyoungana na kaboni na oksijeni. Ukali wake ni mdogo sana. Kikombe cha jivu si kikombe cha kostiki."

"Lakini ni familia moja," Arvid alinung'unika.

"Na wewe na kaka yako ni familia moja," Ragna alisema. "Mbona yeye husoma maelekezo?"

Kwa bahati, nusu ya samaki walikuwa bado kwenye chombo kingine, chenye maji matupu. Inga alileta ndoo ya plastiki ya vyakula, glavu na miwani ya kukinga macho. Walinunua kostiki ya kupikia, si ile ya kuzibua mabomba. Waliipima kwa mizani, kama pakiti ilivyosema.

"Maji baridi kwanza," Inga alisema. "Kisha punje, polepole. Usimwagie punje maji, yatakurukia. Ikikugusa, osha kwa maji mengi papo hapo."

Baada ya siku mbili walimwaga maji yale makali. Kila asubuhi Ragna aliweka maji safi, akisali huku akimwaga. Inga alichovya karatasi ya kupimia. Ikigeuka buluu, kostiki bado imo. Siku ya saba haikugeuka.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Samaki walikuwa laini, weupe, wameogeshwa siagi. Watu walirudi kuongeza. Mke wa mchungaji alimwomba Ragna ashike jiko na mwakani.

"Kama wa babu kabisa," Arvid alisema mdomo umejaa.

Walipofika nyumbani, Ragna alimkuta Arvid mezani, miwani puani, akisoma pakiti ya kostiki kwa sauti, neno kwa neno, tangu juu hadi chini.

Ragna aliinamisha kichwa. "Asante, Bwana. Subira imefika."