Nani Kafuta Sauti ya Bibi?

"Ifute."

"Siwezi."

"Nimesema ifute! Bibi yangu si kitu cha maonyesho."

Fundi alikuwa nyuma ya cherehani yake, mkasi mkononi, uso umemuiva kwa hasira. Mchumba wake akasogea nyuma kidogo. Mtaa mzima ulimwita Makumbusho, maana ndiye aliyetunza jumba la makumbusho la mji wao mdogo, na alizunguka nyumba kwa nyumba akiwarekodi wazee kabla hawajaondoka na habari za mji.

Jana yake alimrekodi bibi wa Fundi, mzaa baba. Bibi, bila kuulizwa, akasema soko la zamani halikuungua kwa bahati mbaya. Lilichomwa, na aliyelichoma ni marehemu mumewe.

"Watu walikufa mle," Fundi alisema. "Unataka wajukuu zao waje wamsikie babu yangu akitajwa?"

"Bibi mwenyewe kaniambia, 'Mjukuu wangu, nimechoka kuubeba mzigo huu. Uweke watu wausikie.'"

"Bibi kazeeka!"

"Kazeeka, lakini akili yake inatushinda mimi na wewe."

Fundi nusura acheke. Ndiyo shida ya yule mwanaume, alikuchekesha wakati unataka kumng'ata.

Makumbusho akaweka kinasa sauti mezani.

"Utaratibu wangu unaujua. Sitoi nakala hata moja mpaka familia isikilize. Sikiliza na baba yako. Akikataa, naifungia kabatini. Ila kufuta, hapana."

"Unaniachia mimi?"

"Nimuachie nani kama si mke wangu mtarajiwa?"

Makumbusho hata hajavuka barabara, Fundi aliifuta. Alijiambia atamweleza wakishaoana.

Wiki haikuisha, bibi akalala mchana na hakuamka tena. Ujumbe ukaingia kwenye simu ya Fundi: "Pole sana mpenzi. Tushukuru sauti yake tunayo."

Fundi akampigia simu.

"Sauti haipo. Niliifuta."

"Yote?"

"Yote."

"Hata pale alipokuwa anakuongelea wewe?"

"Aliniongelea?"

"Kumbe hukusikiliza hata kidogo!"

Simu ikakatika.

Baada ya mazishi, familia ilikaa sebuleni, majirani wakabaki nje. Baba mtu akamgeukia Makumbusho.

"Mkwe, hebu tuwekee mama tumsikie."

Makumbusho alitazama sakafu.

"Nisamehe, baba. Imefutika mkononi mwangu. Uzembe wangu."

"Uzembe!" Shangazi alifoka. "Kazi yako kutunza, na sauti ya mtu mmoja imekushinda?"

"Toka," baba alisema. "Na habari za kumuoa mwanangu ziishie hapa."

Fundi akaona mlango unafunguliwa. Angenyamaza, siri ingezikwa na bibi. Ila mwanaume wake angeondoka na dhambi isiyo yake.

"Baba, ni mimi niliyefuta! Bibi alisema babu ndiye aliyechoma soko. Niliogopa aibu."

Alisubiri mayowe. Hakuna aliyeshtuka. Shangazi alimtazama baba, baba akakaa polepole.

"Mwanangu, nani mji huu hajui? Sisi tulizomewa kwa jambo hilo tangu shule. Watoto wa wale waliokufa leo wamebeba jeneza la mama yangu. Walichosubiri ni yeye aseme kwa kinywa chake."

"Alisema," Makumbusho alijibu taratibu. "Aliwataja mmoja mmoja, akawaomba radhi."

Baba akajifunika uso kwa kofia yake.

Fundi alimkimbilia Makumbusho getini.

"Nisamehe, mpenzi wangu."

"Nimeshakusamehe. Ningekuwa sijasamehe, ningekusema mbele yao."

"Basi rudi ndani."

"Nikikutazama, namsikia bibi anacheka, kama alivyocheka alipokuwa anakuongelea. Na ni mimi tu ninayemsikia. Siwezi kuishi hivyo, Fundi."

"Niambie basi alisema nini kuhusu mimi. Neno moja tu."

"Nikikuambia mimi, yatakuwa maneno yangu. Ya bibi ulikuwa nayo mezani."

Akaondoka. Harusi haikufungwa, si mwaka ule wala mwingine.

Siku ile Fundi aliketi chini palepale getini, akalia mpaka sauti ikamkauka. Majirani wakatikisa vichwa, wakaambiana kwamba yule binti alimpenda sana bibi yake. Na hawakukosea.