Volti Nane Katikati ya Ziwa Albert

Gogo liliipiga boti ya mzee Alphonse ubavuni kabla hata wimbi lililolibeba halijaonekana vizuri. Ubao ukapasuka. Alphonse, aliyekuwa nyuma akiongoza moteri, akaangukia ukingoni, na alipoinuka mkono wake wa kuume ulikuwa umechanika toka kiwiko hadi kiganja. Moteri ilikuwa imezima.

Walikuwa watatu na mtoto mchanga. Huguette, mwalimu wa umeme katika shule moja ya ufundi mjini Bunia, alikuwa anapeleka paneli ya jua, bateri na pompa ya kisima kwenye nyumba ya wazazi, wanakojifungulia akina mama, karibu na Mahagi. Barabara haikuwa salama siku zile, ndiyo maana alishuka Kasenyi kupanda boti. Espérance, muuza vitenge aliyehamia Bunia kutoka Butembo, alikuwa na mwanawe mgongoni. Hakujua kuogelea.

Mvua iliwafungia pande zote. Milima ikapotea.

"Maji iko inaingia!" Espérance alipiga kelele.

"Shika bidoni, mutupe inje!" Alphonse alijibu. "Hapana kusimama!"

Huguette alivua kitambaa chake cha kichwa, akamfunga mzee yule mkono, kisha akashika bidoni, dumu la plastiki lililokatwa mdomo, na kuanza kuteka. Waliteka mpaka mabega yakawaka moto, na bado maji yalipanda kutoka vifundoni hadi magotini. Hapo ndipo Huguette alipoikumbuka pompa.

Bateri aliifunga mbele, juu ya benchi, mahali pekee palipobaki pakavu. Pompa akaizamisha nyuma kwenye maji mengi, akaviunganisha kwa waya mrefu, mwembamba, uliokuja pamoja nayo. Pompa ikanguruma. Espérance akamshukuru Mungu kwa sauti. Lakini maji yaliyotoka kwenye bomba yalikuwa kama ya mtu anayekojoa kwa shida, na yale ya ndani hayakupungua hata kidole.

"Pompa yako inakufa, Madame," Alphonse alisema.

Huguette alishika waya. Mvua ilikuwa ya baridi kali, lakini waya ulikuwa na joto. Hofu ilikuwa imemfunga akili. Joto lile kiganjani likaifungua. Akatoa kipimo chake cha umeme kwenye mfuko wa plastiki. Kwenye bateri, volti kumi na mbili. Akatambaa hadi nyuma: kwenye pompa, volti nane. Akafungua kiungo kimoja, akaupitisha umeme ndani ya kipimo: ampea nne.

"Volti ine imepotea njiani," alisema, kama yuko mbele ya wanafunzi, ingawa meno yake yaligongana. "Ine ukigawa kwa ine, waya peke yake iko na omu moja. Nane mara ine, pompa inapata wati makumi tatu na mbili tu. Wati kumi na sita inachoma waya bure!"

"Mama, niambie kitu moja," Espérance alilia. "Siye tutakufa?"

"Waya iko murefu sana. Inakula nguvu ya pompa. Tukiikata fupi, pompa itapata mara mbili."

Alikuwa ameshapiga hesabu. Volti nane kwa ampea nne: pompa yenyewe ilikuwa na ukinzani wa omu mbili. Waya ukibaki kipande, ampea zitakaribia sita, na wati zitapita sitini.

Alphonse alitikisa kichwa. "Ukikata, bateri itakuja huku kwenye maji. Ikizama, tumekwisha."

"Haitakaa chini. Nitaibeba."

"Uzito ile? Na mawimbi hii?"

Espérance alikuwa ameshaanza kufungua mbeleko. "Papa, shika mutoto na mukono muzima. Madame, tutaibeba siye wawili."

Alphonse akamkumbatia mtoto, akalibana kasia kwapani na kuielekeza boti kwenye mawimbi. Wanawake wakaileta bateri nyuma, Huguette akaukata waya kwa kisu, akaumenya kwa meno, akaufunga. Pompa ikabadilisha sauti. Maji yakaruka nje ya boti kwa nguvu, yakaendelea kuruka.

Wanawake wawili waliketi wakitazamana, bateri juu ya magoti yao, kitenge juu ya bateri. Kila wimbi liliwagonganisha vipaji vya nyuso. Mapaja ya Huguette yaliuma, kisha yakafa ganzi.

"Toka Kasenyi hatujasalimiana," Espérance alisema. "Weye ni nani?"

"Huguette. Niko wa Ngezi, kule Bunia."

"Ngezi?" Espérance alimkodolea macho. "Na mimi niko naishi Ngezi!"

Wakacheka, wakalia, bila kuilegeza bateri. Maji yalishuka chini ya magoti, kisha chini ya vifundo. Nyuma yao Alphonse alimwimbia mtoto kwa Kialur, sauti imekauka.

Mvua ilipokatika, ufuko ulikuwa karibu kuliko walivyodhani. Wavuvi wa pwani ile wakaja kwa mtumbwi, wakawavuta hadi mchangani. Mmoja akampokea Alphonse, aliyekuwa amepauka kwa kupoteza damu na hakutaka kumwachia mvuvi mtoto mpaka Espérance alipoitikia kwa kichwa. Wengine wakaiondoa bateri.

Huguette alijaribu kusimama, miguu ikakataa. Espérance akamshika kiunoni kwa mkono uliokuwa huru. Vidole vyao vilikuwa vimefungana chini ya bateri muda wote ule, na sasa havikutaka kufunguka.

"Wacha tu," Espérance alisema. "Itafunguka yenyewe."

Wakapanda mchanga hivyo hivyo, polepole, kuelekea moto waliowashiwa.