Mbio za Polepole za Stara

Soko la Majengo lilikuwa limefurika Jumamosi ile Aiman alipompiga kikumbo msichana mwenye dera la zambarau na ushungi mweupe. Nyanya zake zikatawanyika chini.

"Samahani sana, dada!"

"Samahani haiokoti nyanya," alijibu msichana, akicheka.

Aiman akainama kuokota, suruali yake ya ofisini ikichafuka vumbi. Ndivyo alivyomjua Stara, fundi cherehani wa Chang'ombe. Tangu presha ilipomlaza mama yake kitandani, Stara alikimbia kila alfajiri baada ya swala, mpaka Makole na kurudi, polepole, akiwaamkia wazee njiani. Aiman alivutiwa na tabasamu lake, akavutiwa zaidi na uthabiti wake. Akaomba wawe wanafuatana.

Mapenzi yakakolea. Lakini Aiman alikuwa na haraka. Alinunua raba za bei mbaya na saa ya kupimia mwendo, akiota wote wawili washiriki marathoni.

"Mpenzi, kwa mwendo huu wa kobe marathoni tutaiweza kweli?"

"Mimi nakimbia ili kesho niweze kukimbia tena, basi."

"Huna malengo, Stara."

Neno lile lilimchoma Stara. Tangu asubuhi iliyofuata Aiman alikimbia peke yake kupanda mlima, kwa kasi, siku baada ya siku, mpaka goti likavimba. Kwa aibu akazima simu. Stara akadhani ameachwa. Aliendelea kukimbia hivyo hivyo, machozi yakimkauka mashavuni kwa upepo wa Dodoma, mpaka Asma, dada yake Aiman, alipomletea gauni la kupunguza.

"Wifi, mwenzio yuko ndani anachechemea. Mpigie, simu ameshaiwasha."

Stara akapiga.

"Kumbe uko hai!"

"Nisamehe, mpenzi. Nilikucheka, sasa hata uani nafika kwa kushika ukuta."

"Nilidhani umepata mwingine."

"Na goti hili? Nani atanitaka?"

Stara akaangua kicheko. "Mimi. Likipoa, vaa kandambili tutembee mpaka kona tu."

Wakaanza na kona. Kisha msikitini. Miezi ilipita ndipo wakafika Makole wakikimbia bega kwa bega, Aiman bila saa.

"Stara, Ijumaa nataka kumleta mjomba kwenu. Kuposa."

Stara aliinua dera, akatimka kama swala, na Aiman akashindwa kumfikia.

"Ndiyo au hapana?" alipaza sauti, akihema.

"Mwambie mjomba asichelewe!"