Koti la Studio

Msimu wa kujiunga na vyuo, duka la picha pale sokoni hujaa mpaka wateja wanakaa kwenye ngazi. Siku hiyo mpiga picha, binti mwenye gauni la kijani na kalamu iliyochomekwa kwenye nywele, alikuwa amechoka hata kutabasamu. Ndipo akaingia kijana mrefu, shati kalifunga mpaka kifungo cha juu kabisa, na joto lote lile.

"Fungua kifungo kimoja, kaka, upumue."

"Napumua."

"Hii ni picha ya chuo, siyo ya mahabusu."

Foleni nzima ikacheka. Kijana hakucheka. Alifungua kifungo, na kovu likajitokeza, kutoka chini ya sikio mpaka kwenye mtulinga. Binti akaona aibu ikampanda usoni. Akachukua kwenye msumari koti jeusi la marehemu baba yake, lile wanaloazima wateja wote wasio na koti, akamvalisha na kuinua kola mpaka kovu likafichika.

"Haya, tazama hapa."

Kijana alitazama pale mpaka watu wa nyuma wakaanza kukohoa.

Baada ya hapo simu zao hazikupoa. Kijana alimwita binti Tazama-Hapa, binti akamwita Bwana Shingo. Kijana hakumficha maisha yake. Aliingia kwenye genge akiwa bado anavaa sare ya shule, akatolewa na Mama Mlezi, mwanamke aliyefungua madarasa ya jioni kwa vijana wa magenge na kuwatafutia vyuo na kazi. Sasa alikuwa anaomba kusomea uuguzi.

"Katika kazi zote, uuguzi?" binti alimchokoza. "Mkono wote huo wa kuchoma sindano?"

"Walionishona shingo hawakuniuliza mimi wa genge gani. Niliipenda kazi yao."

Jambo moja tu hakulisema. Kila jioni alimsindikiza binti kutoka sokoni, wakitaniana njia nzima, na kila jioni aliishia darajani.

"Kwetu ni pale tu, mpenzi. Au kuna mke wako upande wetu?"

"Siku nyingine, Tazama-Hapa."

Binti alicheka, lakini roho ilimuuma. Aliamini kijana anaona haya kuonekana naye.

Chuo chenyewe kilikuwa ng'ambo ya daraja, upande huo huo wa akina binti. Siku ya usaili binti alifunga duka, akavaa gauni lake la heshima, akasimama getini kumngoja. Waombaji wengine waliingia, wakatoka, wakaenda zao. Bwana Shingo hakutokea. Akampigia simu.

"Uko wapi?"

"Nimeghairi."

"Umeghairi nini?"

"Chuo. Hayo si mambo ya watu kama sisi."

"Na mimi je? Nimeghairiwa pia?"

"Tafuta mtu atakayeweza kukufikisha nyumbani," kijana akasema, na simu ikakatika.

Alilia mpaka kichwa kikamuuma. Asubuhi alikuwa dukani, macho yamevimba, Mama Mlezi alipoingia na kuketi bila kukaribishwa.

"Wewe ndiye Tazama-Hapa?"

"Kama amekutuma, mama, mwambie nimeelewa."

"Hujaelewa kitu, mwanangu. Lile kovu alilipata pale darajani. Waliomkata ni vijana wa mtaa wako. Akiwa bado kitandani hospitali, wa genge lake walikwenda kulipiza, wakaua. Jana alifika darajani amevaa vizuri, akageuka. Hawa watoto wangu watakusimulia hata walichoiba, lakini neno 'naogopa' hawawezi kulitamka."

Binti alijishika kifua. Alikumbuka jioni zote zile alizomtania.

"Si apelekwe na gari la polisi?"

"Akivushwa na polisi, kesho pande zote mbili zitamwita msaliti. Nimeuomba uongozi wa chuo, wamekubali kumsikiliza leo kabla ofisi hazijafungwa. Akikosa, nafasi anapewa mwingine, na genge lake litampokea kwa mikono miwili. Nikimpoteza safari hii, simpati tena."

Alipompigia, binti hakupoteza maneno. "Njoo dukani. Njoo sasa hivi."

Alikuja, macho mekundu. Binti akamvalisha koti bila kumuuliza chochote, na mkono wake ukagusa kitu kigumu kiunoni.

"Kitoe."

"Bila hiki nitakufa pale."

"Ukienda nacho, na wao watatoa vyao."

Kijana alikitazama kisu kwa muda, kisha akakisukumia ndani ya droo ya kamera.

"Naogopa," akasema.

"Hata mimi, mpenzi. Twende."

Walivuka mchana kweupe, wameshikana mikono. Upande wa pili vijana walikuwa wameketi kwenye ukuta, na mkubwa wao, Kaptula, aliyecheza na binti tangu utotoni, akashuka polepole.

"Dada, unatuletea nani?"

"Shemeji yenu. Nampeleka chuoni."

"Shemeji gani hajatununulia hata soda?" Wenzake walicheka, yeye hakucheka. "Huyu namjua. Wenzake walimuua kaka yangu."

"Siku ile nilikuwa hospitali," kijana akasema. "Lakini walikwenda kwa ajili yangu. Siwezi kukudanganya."

Kaptula alimpapasa kijana kiunoni, mifukoni, mgongoni, na alipokosa kitu akashangaa. Mkono wake ukasimama kifuani, kwenye kifungo cha kahawia ambacho baba yake binti alikishona baada ya kile cheusi kupotea.

"Hili koti nalijua."

Binti naye akakumbuka. Kaka yake Kaptula alipiga picha ya chuo pale dukani, amevaa koti hili, anajizuia kucheka. Picha hiyo hiyo ilikuzwa siku ya mazishi, na mpaka leo iko ukutani kwao. Mama yao huifuta vumbi kila asubuhi.

"Alikuwa anakwenda chuo hiki hiki," Kaptula akasema. Akakigeuzageuza kile kifungo, kisha akakiachia na kuangalia pembeni.

"Piteni. Leo. Ya kesho sijaahidi."

Ofisi zilikuwa zinakaribia kufungwa kijana alipotoka. Binti alimwona anavyotembea, akajua kabla hajasema.

"Wamenichukua."

Walikumbatiana pale getini, wakicheka na kulia kwa pamoja, walinzi wakiwatazama.

"Kule darajani ulisema mimi shemeji yao," kijana akamnong'oneza. "Ulikuwa unawadanganya?"

"Wewe unatakaje?"

"Nataka unioe, maana mimi sina cha kukuolea." Kisha utani ukamtoka usoni. "Nina masomo ya miaka mitatu, na lile daraja kila siku. Wakibadili mawazo siku moja, utakuwa mjane kabla ya wakati."

"Nimesikia. Nakubali."

Walifika karibu na daraja. Kaptula na wenzake walikuwa bado wameketi ukutani.

"Kwenu ni hapo tu," kijana akasema, akianza kuvua koti. "Nenda nyumbani. Wateja wako wa kesho watavaa nini?"

"Umenisindikiza sana. Leo ni zamu yangu." Binti aliurudisha mkono wa kijana ndani ya koti, akamfunga vifungo polepole, akamalizia na kile cha kahawia. "Usilivue. Usilivue kwanza."

Akamshika mkono, wakaanza kuvuka.